Wauza laptop wa Kariakoo, nani kawatuma mfute Ubuntu niliyoilipia?

Wakuu, leo mtanivumilia, nina hasira.

Nimenunua laptop mpya ya mdogo wangu anayeanza chuo. Niliichagua makusudi: kwenye boksi, ile stika yenye ukubwa wa RAM na diski, imeandikwa kabisa kwamba mfumo wake ni Ubuntu, ule mfumo endeshi wa bure unaokaa badala ya Windows. Ndicho nilichokuwa natafuta. Nasogea kaunta kulipa, kugeuka, dogo wa duka kashachomoa flashi yake ya shingoni kaichomeka, mashine inahesabu asilimia. Unafanya nini? "Bosi, nakupigia Windows, hii iliyokuja nayo haina kazi." Kuniuliza hakuniuliza. Kafuta diski nzima, mpaka ile sehemu anayoiacha mtengenezaji ya kurudishia mfumo ukiharibika. Halafu naambiwa niongeze elfu thelathini, hela ya fundi!

Nikasema haya, iandikeni kwenye risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi: Windows, 30,000. Mwenye duka akaanza kunichekea. "Kaka yangu, hivyo vitu havinaga risiti." Havina kwa sababu hajavinunua popote, na analijua hilo vizuri. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda hata programu za kompyuta. Mimi niliingia dukani na hela halali kununua mashine yenye mfumo halali wa bure, nikatoka na Windows ya kuchakachua niliyolipishwa.

Na mnajua inavyochakachuliwa? Kwanza wanazima ulinzi wake, maana ungewashwa ungeikamata ile programu ya kukreki, inayoidanganya Windows kwamba ina leseni. Baadaye wengi hawakumbuki kuuwasha. Mwanafunzi anapeleka flashi steshenari kuprinti, anarudi nayo ina virusi, mafolda yote yamegeuka shotikati. Anampelekea fundi yuleyule, elfu thelathini nyingine. Biashara nzuri sana hiyo, kumuuzia mtu ugonjwa na dawa.

Najua watakaokuja kuwatetea: "wateja wanataka Word". Sawa, wapo, na wengine wana programu za uhasibu zisizofanya kazi bila Windows. Hao wauzieni Windows yenye leseni. Lakini mwanafunzi wa kuandika ripoti na kufungua PDF, LibreOffice, programu za ofisi za bure, inamtosha, na mafaili ya Word inayafungua. Jedwali litahama kidogo hapa na pale, sibishi. Ila muulize kwanza! Neno moja tu: "Tuiache au tubadilishe?" Linawashinda nini?

Kinachoniuma zaidi ni bei. Mashine ya Ubuntu inatoka kiwandani bila gharama ya leseni ya Windows. Si kitu cha kubahatisha; Dell walianza kuziuza kwa wateja wa kawaida Marekani tangu 2007. Sasa hapa dukani iliwekwa kwa bei ileile ya jirani yake yenye Windows halisi. Ule unafuu umeishia mfuko wa nani?

Na tusiambiane kwamba mambo haya ni ya Wazungu. Ubuntu yenyewe ilianzishwa 2004 na Mark Shuttleworth, mtu wa Afrika Kusini. Mwaka huohuo, hapa hapa, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Leo fundi wa laptop katikati ya Dar ananiambia Ubuntu "hiyo ni ya mahaka", yaani wadukuzi. (Ukimuuliza hayo mahaka yanafanya nini na ripoti ya field, kimya.)

Ubuntu nimeshairudisha mwenyewe, toleo la 24.04, linalopata marekebisho ya usalama bure mpaka 2029. Kamera, Wi-Fi, sauti, vyote viliitika palepale, maana mashine ilitengenezwa iende nayo. Elfu thelathini yangu bado naidai, na nimemwambia mwenye duka nitarudi kuifuata.

Wakuu, mwenye kujua duka Dar linalokukabidhi boksi lililofungwa na kukuachia mashine kama ilivyotoka kiwandani, aniambie, ofisini tunahitaji nyingine. Wale wa kunijia pembeni na "kaka, nina Windows 11 orijino, elfu ishirini tu", kaeni nazo.