Mnaouza "wingu la nyumbani", acheni kuwapa watu diski feki na chaja za simu

Wakuu, uzi huu ni wa malalamiko na sitampaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

Wingu la nyumbani ni kompyuta ndogo ya kuhifadhi mafaili yako mwenyewe nyumbani. Mteja anapewa Raspberry Pi 4 (kompyuta ya bodi moja, ndogo kama kiganja), memori kadi, chaja, na kidude kilichoandikwa SSD TB 16. Anaambiwa alipe mara moja tu, hatalipia tena hifadhi ya mwezi kwa mwezi. Anapandisha picha za harusi, video za watoto, vyeti, hati ya kiwanja. Akishaona vimepanda anafuta kwenye simu ili apate nafasi. Hapo ndipo anapoumizwa, maana pesa hutafutwa ikapatikana, picha ya marehemu mama haitafutwi popote.

Hiyo TB 16 haipo. Fungua kasha utakuta kibao kidogo cha USB na memori kadi moja au mbili zimegandishwa kwa gundi ya moto. Kidhibiti chake kimechezewa kiidanganye kompyuta. Kama kadi ya kweli ni GB 64, hizo za mwanzo zinaandikika vizuri kabisa, na ndiyo maana muuzaji anakujaribishia na filamu mbili pale dukani na wewe unaridhika. Zikijaa, kinachofuata kinatupwa au kinaandikwa juu ya cha zamani. Majina ya mafaili yanabaki, ukubwa unaonekana, ila ukifungua picha ni kijivu kitupu.

Kupima ni bure. Kwenye Linux sakinisha f3, programu ya kupima diski feki, kisha f3write ijaze diski yote na f3read isome tena. Sehemu ya "Data LOST" lazima iwe sifuri. Wa Windows atumie H2testw. Diski ya TB 1 inayokwenda MB 100 kwa sekunde itakula karibu saa tatu kuandika na karibu saa tatu nyingine kusoma. Muuzaji asiyetaka usubiri, rudisha pesa mfukoni.

Diski iliyotumika si dhambi, bajeti ni bajeti, lakini isomwe afya yake kwanza kwa amri hii ya Linux: smartctl -d sat -a /dev/sda. Angalia mstari wenye namba 5, wa 197 na wa 198. Wa 197 ukiwa juu ya sifuri kuna sehemu diski imeshindwa kuzisoma, usiiguse hata kwa bei ya bure. Mstari wa 9 ni saa ilizowaka, na saa 8,760 ni mwaka mzima. Halafu endesha smartctl -d sat -t long /dev/sda, jaribio refu la diski, uiache usiku kucha.

Sasa umeme, ambao mnaufanyia mzaha kuliko vyote. Pi 4 inataka volti 5.1 na ampea 3. Nyie mnampa mtu chaja ya simu na waya mwembamba wa mita mbili, volti zinaishia njiani. Zikishuka chini ya 4.63 bodi inaanza kulalamika, ila mteja hana skrini ya kuona. Matundu yote manne ya USB kwa pamoja yana ampea 1.2 tu, na diski moja ya inchi 2.5 inaweza kutaka karibu ampea nzima wakati inaanza kuzunguka. Mkichomeka mbili, mnategemea nini? Ile "tik, tik, tik" ni diski inayojaribu kuamka na kushindwa. Andika vcgencmd get_throttled, amri ya Pi inayoonyesha kama umeme ulipungua. Jibu zuri ni 0x0. Ukiona 0x50000, umeme umeshashuka tangu mashine iwashwe.

Na kuna balaa la kimya kuliko hilo. Mashine ikiwaka upya bila diski kuonekana, folda ya /mnt/data, ambako diski hupachikwa, bado ipo, ila sasa iko ndani ya memori kadi. Rsync na Samba, programu za kunakili na kushirikisha mafaili, hazijui tofauti, zinaandika humo mpaka kadi inajaa na mfumo unaganda. Dawa ni ya dakika mbili: kabla ya kupachika diski, piga sudo chattr +i /mnt/data kwenye folda tupu, na kwenye fstab (orodha ya diski za kupachika mashine ikiwaka) tumia UUID, namba ya kipekee ya diski, pamoja na nofail, si /dev/sda1. Diski isipopanda, kuandika kunakataliwa na kosa linaonekana. Kwa nini hamfanyi hili kwa mteja aliyewalipa?

Hata hiyo Pi yenyewe mnaisukuma kwa sababu ina faida kwenu. Kwa mwenye pesa kidogo, laptopu kuukuu iliyopasuka kioo inaishinda. Diski inakaa kwenye SATA moja kwa moja, na betri yake inabeba mashine umeme ukikatika. Betri iliyovimba itolewe, hapo hakuna mjadala. Weka HandleLidSwitch=ignore kwenye /etc/systemd/logind.conf uifunge, uiweke kando ya ruta. Ikila wati 12, ni uniti 8.6 hivi kwa mwezi. Kompyuta ya mezani ya ofisini ya wati 60 ni uniti 43, na mteja wa TANESCO aliye D1, kundi la matumizi madogo, ambaye dari yake ni uniti 75 kwa mwezi, ameshamaliza zaidi ya nusu kwa kompyuta peke yake.

Nyie wa "diski mbili za RAID, uko salama", yaani diski mbili zinazoandikwa kitu kilekile kwa pamoja: mtoto akifuta folda, RAID inafuta kwenye zote mbili sekunde ileile. Radi ikipiga haichagui. Diski ya pili ichomolewe, ikae kwa ndugu, iletwe kila wiki ipokee nakala mpya kwa programu ya restic, na mara mojamoja mrudishe faili moja muone kama kweli linafunguka.

NYONGEZA: Mkuu uliyeuliza kwa nini hulifikii wingu lako ukiwa nje wakati "fundi alifungua poti" (mlango wa ruta wa kuingilia kutoka intaneti). Ingia kwenye ruta, tazama IP (anwani ya mtandao) ya upande wa intaneti. Ikianzia 100.64 hadi 100.127, au 10, uko nyuma ya IP mnayochangia wateja wengi. Utafungua poti mpaka kesho, hakuna kitakachoingia. Weka Tailscale, programu inayounganisha vifaa vyako kwa mtandao wa faragha, kwenye seva na kwenye simu, huhitaji kufungua poti yoyote. Na fundi aliyekutoza kwa kazi hiyo akurudishie pesa, maana angetazama ile IP kwanza angejua haiwezekani.

Muuzaji anayebisha aweke hapa f3read ya diski anazouza na get_throttled ya boksi lake baada ya saa 24 za kunakili mafaili. Nasubiri.