Naomba ushauri: kufunga feni ya paa kwenye trela ya kulala

Wakuu, habari zenu. Nina trela ndogo ya kulala safarini. Tukilala wanne ndani, asubuhi madirisha yanatiririka maji na magodoro yameshika unyevu. Mwanangu mdogo ana pumu, kwa hiyo jambo hili linaninyima usingizi.

Nimenunua feni ya paa ya volti 12. Tundu la hewa lililopo ni inchi 14 kwa 14, saizi ileile ya feni, hivyo sina haja ya kukata paa. Shida ni kwamba nilipong'oa fremu ya zamani nilikuta ubao wa upande mmoja umeoza. Ukiubonyeza kwa bisibisi, ncha inazama. Je, nibadilishe kipande hicho tu, au nifumue dari nione maji yamefika wapi?

Halafu kuna kuziba. Nina utepe wa butili (mpira laini unaonata) wa kuweka chini ya fremu, lakini fundi mmoja ananiambia silikoni inatosha. Mimi siiamini: ikibanduka, hata silikoni mpya haishiki vizuri juu ya ile ya zamani.

Umeme nataka kuuchukua kwenye waya wa taa ya dari, na feni niiwekee fyuzi yake. Waya huo utahimili usiku kucha?

Aliyewahi kuifanya kazi hii anisaidie tafadhali. Tundu nimelifunika kwa turubai tu, na mawingu yameanza kutanda.