Protini kwa elfu tatu kwa siku, sufuria moja, friji hakuna: nisaidieni wakuu

Kapuku Msomi
Wakuu, heshima kwenu. Nasoma mwaka wa pili, nimepanga chumba Mabibo na mwenzangu. Tuna sufuria moja yenye mfuniko, hotpoti, kisu na mtungi mdogo wa gesi. Jiko la umeme mwenye nyumba hataki hata kulisikia, LUKU ni ya pamoja. Boom, yaani hela ya mkopo wa chuo, likiingia tunakula kuku, likikata ni chai na andazi, mchana kiepe kavu. Nimeanza jimu, nina kilo 60. Bajeti ni 3,000 kwa siku. Nile nini? Maharage nayapenda ila yanamaliza gesi.

Mjomba wa Ilala
Dagaa, mkuu. Wakavu wale, maji yameshatoka, kwa hiyo zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Wa Kigoma ukiwa na hela, wa Mwanza ukiwa huna. Toa vichwa, osha kwa maji ya moto mpaka mchanga uishe, kaanga wakavu kwanza ndipo uweke mafuta, kitunguu na nyanya. Ndimu usisahau, una majirani.

Mama Wawili
Mbona hakuna aliyetaja mseto? Mdogo wangu, choroko hazina haja ya kulowekwa. Chemsha mpaka zianze kupasuka, mimina mchele humohumo, chumvi, tui likiwepo. Sufuria moja, kazi imekwisha. Na kinachopungua kwenye protini ya mchele au ugali, choroko na maharage vinacho, ndiyo maana wazee walivila pamoja.

Gesi Imekata
Maharage usiyaache bwana. Loweka usiku, mwaga maji, asubuhi chemsha dakika tano, mimina kwenye hotpoti yakiwa yanatokota, funga, nenda kipindi. Ukirudi yameiva.

Bibi Kunde
Dakika tano nakataa. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili ambayo huvunjwa na maji yanayochemka kwelikweli. Joto la hotpoti peke yake haliivunji, na mtu akila yakiwa nusu mabichi anatapika na kuharisha. Yatokote dakika 10 kamili, mimi huwa nayaacha hata 20, ndipo hotpoti imalizie. Jioni yachemshe tena kabla ya kuunga. Na usiyalaze mpaka kesho, kwa joto hili la Dar yatachacha.

Gesi Imekata
Sawa bibi, 10 naikubali. Ila hotpoti ijae, ikiwa nusu inapoa upesi.

Chuma cha Sinza
Tupige hesabu. Mtu wa kawaida anahitaji kama gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya mwili, wewe ni 48. Wanaonyanyua vyuma wanapanda hadi 1.6, yaani 96. Yai moja ni kama gramu 6. Maharage au choroko kavu, gramu 100 zina zaidi ya 20. Karanga vilevile. Mayai mawili asubuhi, ugali maharage mchana, mseto na dagaa usiku: 48 umeiacha mbali. Ule unga wa protini wa makopo waachie wenye mishahara.

Mjomba wa Ilala
Na mchana ukila kwa mama ntilie, 3,000 yako inayeyuka. Beba hotpoti chuoni, watacheka wiki moja halafu wataomba.

Mama Wawili
Boom likiingia, kabla ya huyo kuku, pita Tandale au Kariakoo ununue choroko, maharage, mchele na dagaa vya mwezi. Treyi ya mayai 30 gawaneni vyumba viwili. Ukinunua kwa fungu kila siku unalipa zaidi.

Kapuku Msomi
Nashukuruni sana, Jumamosi naenda Tandale. Tatizo moja limebaki: mwenzangu hali dagaa, anasema harufu inaingia kwenye nguo.

Gesi Imekata
Mpe mayai. Na siku hiyo yeye ndiye aoshe sufuria.