Mama anawashwa mwili kwa dawa ya thairoidi, naombeni ushauri

Habari zenu wapendwa. Nipo Tanga, Ngamiani. Mama yangu ana tezi ya thairoidi inayofanya kazi kupita kiasi. Moyo ulikuwa unamwenda mbio, mikono inatetemeka hata kikombe cha chai kinamwagika. Akaanzishiwa kabimazoli, dawa ya kutuliza tezi hiyo. Moyo umetulia, alhamdulillah, lakini sasa anawashwa mwili mzima, hasa mgongoni na mapajani, na usiku ndiyo balaa. Joto la huku pwani nalo linachochea; akitoka jasho tu anajikuna mpaka michirizi inabaki.

Daktari anasema kuwashwa kunajulikana kwa dawa hii. Amempa setrizini, kidonge cha kupunguza mwasho, na ikishindikana wapo wanaohamishiwa PTU, dawa nyingine ya thairoidi. Alichotuonya sana ni homa, koo kuuma au vidonda mdomoni: hapo aache kabimazoli na tuwahi kupima damu siku hiyo hiyo, maana chembe nyeupe zinaweza kushuka vibaya. Majirani nao wananichosha, kila mmoja anataka mama aache vidonge anywe mwarobaini. Sikubali, moyo ukirudi kwenda mbio nitamlaumu nani?

Mliopitia haya, kuwashwa kuliisha kwenyewe au mlibadilishiwa dawa? Setrizini inamlaza mchana, nyie mlikuwa mnaimeza saa ngapi? Na cha kupaka kisichochoma ni kipi? Mafuta ya nazi yapo, ila nasita kwa sababu ngozi imeshachubuka. Kliniki ni wiki ijayo, nataka niende najua cha kuuliza.