Pesa za kununua mashine zipo, za kuzitengeneza ziko wapi?

Mzazi wa Langoni
Assalam aleikum. Juzi nilimsindikiza kijana wangu chuo cha ufundi hapa Lamu, yuko mwaka wa pili wa useremala. Msumeno wa meza haufanyi kazi tangu Ramadhani kwa sababu mkanda umekatika. Randa ya umeme imefunikwa turubai. Mashine ya kukereza imeshika kutu mpaka kichwa hakizunguki. Hatua ishirini kutoka hapo pana karakana mpya, rangi bado inanukia, na ndani mna masanduku ya mashine ambayo hayajafunguliwa kwa sababu umeme wa fezi tatu haujafika. Chuo sikitaji, walimu wake wanahangaika kuliko sisi wazazi.

Swali langu ni hili: kaunti itenge fungu la matengenezo na spea kila mwaka, kila chuo kwa jina lake na lisiguswe, au tuendelee kungoja mashine mpya? Mimi nasema matengenezo kwanza. Hapa petu hewa ya chumvi haingoji bajeti. Chuma kisichopakwa grisi mwezi mmoja, wa pili hukitambui.

Mwana wa Hindi
Nawaandikia kutoka mji wa Hindi, huku bara ya Lamu. Kaunti mnaionea. Vyuo ni mali ya serikali kuu, Wizara ya Elimu. Waulizwe Nairobi.

Karani Mstaafu
Bwana wa Hindi, soma kwanza. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeviweka vyuo vya ufundi vya vijijini chini ya kaunti, pamoja na shule za chekechea. Serikali kuu imebaki na vyuo vikuu na taasisi kubwa za kiufundi.

Kulikuwa na ruzuku ya serikali kuu kwa vyuo hivi, shilingi 15,000 kwa kila mwanafunzi. Ilikuja na jina lake na masharti yake. Mwaka wa fedha wa 2021/22 fungu hilo likatiwa ndani ya mgao wa jumla ambao serikali kuu huzipa kaunti, pamoja na lile la barabara na la hospitali kubwa za rufaa za kaunti (Level 5), na mgao wa kaunti zote ukapanda kutoka shilingi bilioni 316.5 hadi 370. Kwa hiyo pesa haikufutwa. Ilinyang'anywa jina, na pesa isiyo na jina huchukuliwa na mwenye sauti kubwa.

Kisha kuna Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, inayotaka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo. Mashine mpya ni maendeleo. Mkanda wa msumeno ni matumizi ya kawaida, na huko unagombania nafasi na mishahara, mafuta ya boti na posho. Ndipo unapoona karakana mpya kando ya karakana iliyokufa.

Mkaazi wa Shela
Tukumbuke pia kwamba Lamu ndiyo inayopata mgao mdogo kuliko kaunti zote 47. Mwaka huo huo wa 2021/22 ilikuwa kama bilioni 3.1. Na humo mna visiwa, kupeleka tofali moja Kizingitini si sawa na kulipeleka Thika.

Nahodha
Mwazungushana na bajeti bure. Mafundi wa Matondoni wamejenga majahazi yaliyofika Arabuni kwa tezo, keekee na msumeno wa mkono. Nani aliwatengea fungu? Shida yetu ni vijana wa mjini wanaoshinda barazani na muguka, yale majani ya kuchangamsha, mdomoni. Wape mashine ya kukereza yeo, kesho wataiuza.

Fundi Rodi
Ami Nahodha, nakuheshimu, lakini hapo umenigusa pabaya. Mimi nimekaa barazani hizo. Nilisomea kuchomelea. Tulikuwa ishirini na tatu, mashine moja, na muhula mzima nilishika rodi mara nne. Nne, nazikumbuka moja moja. Rodi zikiisha mwalimu anachora ubaoni. Unajua tulikuwa tukingojea zamu wapi? Barazani. Ndipo ulipotuona.

Na muguka sijawahi kuutia mdomoni.

Nahodha
Sikukutaja wewe. Nimesema vijana.

Fundi Rodi
Na mimi ni nani?

Mama wa Kofia
Tena nyote mwasema vijana kana kwamba mabinti hawasomi. Binti yangu yuko darasa la ushonaji. Mwenye cherehani nyumbani aibebe, asiye nayo akae aangalie mwenzake. Cherehani inataka nini? Tone la mafuta, sindano, na mtu wa kurekebisha mvuto wa uzi. Hakuna mkubwa atakayekuja kupiga picha na sindano, ndiyo maana hazinunuliwi. Hao wa barazani angalau wana pa kukaa. Mabinti wakikosa zamu hurudi nyumbani, na wakisharudi, wengine huozwa.

Mwana wa Hindi
Bado sijalisahau lile la "soma kwanza". Kila tukisema sisi wa bara tunaambiwa tusome. Haya, nimesoma, Jedwali la Nne ni kweli, nimekosea. Lakini mbona mifano yote ni ya kisiwani, Langoni, Shela, Matondoni? Huku nasi tuna vijana. Huku jenereta ya chuo imesimama, na fundi wa kuitengeneza ni yule yule anayefunza humo, ila kununua spea hana idhini.

Karani Mstaafu
Nimekukosea kwa namna nilivyosema. Niwie radhi.

Mwalimu wa Karakana
Nimeyasoma yote na nimengoja, lakini huyu wa Hindi ametaja penyewe. Mimi hufunza ufundi wa injini, mahali pasitajwe. Mashine ya boti ya mazoezi ikiharibika, kinachotakiwa huenda ni pampu ya maji ya elfu chache. Naandika barua, inapita meza tatu, mwaka wa fedha unakwisha Juni, barua inaanza upya. Kuna mara nilitoa mfukoni mwangu. Wenzangu wengi wamefanya hivyo na hawasemi.

Wakati huo huo wavuvi wanatuletea injini zao, wako tayari kulipa. Tukiwatoza, pesa lazima iende kwenye hazina ya kaunti, na ikienda huko hatuioni tena. Hospitali za umma zilipata sheria mwaka 2023 ya kubaki na pesa wanazokusanya na kuzitumia hapo hapo. Bunge la kaunti lituandikie sisi sheria ya namna hiyo. Sitangoja fungu la mtu.

Mzazi wa Langoni
Hapo ndipo nilipotaka tufike, ingawa kwa njia nyingine. Fungu na sheria, vyote viwili.

Mkaazi wa Shela
Sheria hiyo mimi naiogopa. Chuo kikianza kuuza milango na kutengeneza injini, mwanafunzi atageuzwa kibarua. Atapiga msasa milango ya hoteli miaka miwili na hatajifunza kiungo kimoja.

Mwalimu wa Karakana
Afadhali apige msasa mlango wa kweli kuliko kuangalia mchoro wa mlango. Mwanafunzi anayefungua injini ya mvuvi anajua kwamba kesho mtu ataingia nayo baharini. Hilo halifunziki kwa mashine iliyokufa.

Mama wa Kofia
Na mabinti nao watauza nini, kama cherehani hakuna?

Fundi Rodi
Gati la kwanza la bandari ya Lamu lilifunguliwa Mei 2021. Nilikuwa na cheti mkononi. Kwenye majaribio ya kazi huko nilipewa mashine ambayo sikuwahi kuiona, mkono ukatetemeka, nikatolewa. Sikutolewa kwa sababu ya baraza. Nilitolewa kwa sababu ya zile mara nne. Leo nina karakana yangu ndogo, nimejifunza kwa kuunguza mabati ya watu na kuyalipa.

Mzazi wa Langoni, nipe upana na urefu wa ule mkanda wa msumeno, Jumamosi baada ya adhuhuri nitakuja kuutazama. Na Ami Nahodha, lile neno "wataiuza" liondoe.

Nahodha
Babangu alinipa tezo nikiwa na miaka tisa, na hiyo ilikuwa tezo yake mwenyewe, hakuniazima ya mtu. Sasa naelewa kwamba wewe hukupewa. Neno hilo naliondoa.

La muguka nalibakisha.