Aikoni zangu zinatoka na ukungu kwenye simu, nakosea wapi?

mchoraji_mpya:
Habari za kazi, wakuu. Natengeneza programu ya simu ya kuorodhesha vitabu nilivyosoma. Aikoni nimechora mwenyewe, zote 14, nikazihifadhi kwa PNG ya pikseli 24 kwa 24. Kwenye kompyuta zinapendeza. Nikifungua kwenye simu, kengele na kikapu ni kama vimepakwa mafuta. Nembo nayo ni JPEG, na kila nikibadili rangi ya ukurasa kinabaki kisanduku cheupe nyuma yake. Nisaidieni, hii ni wiki ya pili.

kalamu_na_kioo:
Mkuu, pikseli 24 hazitoshi. Android hupima kwa dp, kipimo kisichotegemea wingi wa pikseli za kioo: aikoni ya dp 24 inahitaji pikseli 48 kwenye kioo cha xhdpi (mara mbili), 72 kwenye xxhdpi (mara tatu), 96 kwenye xxxhdpi (mara nne). Simu yako inaivuta picha ndogo hadi ijaze nafasi. Hifadhi kwa SVG, faili inayoshika mchoro kama mistari badala ya pikseli, kisha uigeuze kuwa vekta ya Android ndani ya Android Studio, programu ya kutengenezea programu za Android. Na JPEG haina uwazi hata kidogo, ndiyo maana ya hicho kisanduku. Nembo iwe SVG, ikishindikana PNG.

mchoraji_mpya:
Asante sana, nembo imepona. Kikapu sijakigusa. Ila kengele bado: mstari wake wa chini una kijivu juu na chini.

mama_wa_gridi:
Mwanangu, hapo ndipo penye kazi yenyewe. Vuta mchoro karibu mpaka uone vyumba vya pikseli. Naamini mstari wako una unene wa 1 na umekaa juu ya namba kamili, tuseme 20. Basi unaanzia 19.5 na kuishia 20.5, nusu chumba cha juu, nusu cha chini. Kioo hakiwashi nusu ya pikseli, kwa hiyo vyumba vyote viwili vinapakwa rangi hafifu.

Kwenye kioo cha mara mbili mstari huohuo unakwenda 39 hadi 41, safi kabisa. Cha mara tatu unakwenda 58.5 hadi 61.5, na ukungu unarudi. Mimi nilikagua kazi kwa kompyuta ya mara mbili kwa miezi, nikaamini michoro yangu ni mizima, na watu walikuwa wanaitazama ikiwa na ukungu. Iliniuma sana.

Sogeza mstari uwe 20.5, au uache pale pale na uupe unene wa 2. Mikunjo na mishazari iache, kijivu chake ndicho kinachoilainisha. Na aikoni ikiwa dp 24, eneo la kugusa liwe dp 48, kidole ni kipana.

mchoraji_mpya:
Shikamoo mama! Kengele imekaa sawa, nimeitazama kwenye simu mbili. Nimefungua kikapu, nikakuta mpini wake una unene wa 1.37. Nakichora upya leo usiku.

mama_wa_gridi:
Marahaba. Anza na 2.