Waandishi wa riwaya, mwanamke wa Kusini mnamjua kama hausigeli tu? Nimechoka!

Wakuu, salaam. Niwieni radhi, uzi utakuwa mrefu. Nina hasira tangu Ijumaa na sijapata pa kuzitua.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mtwara mjini, Kusini mwa Tanzania, na riwaya nasoma tangu niko sekondari. Ninachokipenda nakijua: riwaya za siku hizi zinazohusu maisha ya wanawake, zile ambazo unakaa na mhusika mpaka unajua atakavyovuta pumzi kabla ya kujibu. Maduka ya vitabu ninayoyajua hapa mjini yanauza madaftari, vitabu vya kiada na zile riwaya na tamthiliya zilizopangwa kwa mtihani, basi. Ukitaka kingine unaagiza Dar. Unamtumia mtu hela, anakwenda kununua, anakipeleka stendi, kinapanda basi na kuja zaidi ya kilomita 500. Kilichonifikia Ijumaa nimekilipia 25,000, na kifurushi 5,000. Elfu thelathini hiyo. Kwangu ni magauni mawili ya kukesha nayo.

Kitabu sitakitaja wala mwandishi simtaji, maana ugonjwa huu si wake peke yake. Nyuma ya jalada wameahidi habari za mwanamke wa Kusini na maisha yake. Nikasema leo nimepata wangu. Nikafunga kibanda mapema, nikawasha taa, nikakaa.

Mwanamke mwenyewe katokea Newala. Kurasa thelathini za kwanza hana jina, anaitwa "binti". Anachukuliwa kijijini kwenda Dar kuwa hausigeli. Sura ya tatu baba mwenye nyumba anambaka. Sura ya tano ana mimba. Sura ya saba anafukuzwa usiku, na mvua inanyesha, maana mvua hainyeshi kwenye riwaya zetu mpaka mwanamke afukuzwe. Mwishoni anakufa leba. Halafu anayelia ni yule yule baba mwenye nyumba, kurasa sita nzima anajutia. Yeye binti kifo chake kimepewa mistari minne. Nimehesabu mara mbili.

Sasa niulize. Binti huyu alikuwa anapenda kula nini? Alikuwa na shoga? Akilala pale chini kwenye mkeka wa jikoni alikuwa anamuwaza nani? Alikuwa anaiba sukari? Kuna wimbo wowote aliokuwa anaimba akifua? Kurasa 240 na sijui hata kimoja. Ninachojua ni aliyofanyiwa. Mtu akiniuliza mhusika mkuu ni nani namtaja baba mwenye nyumba, kwa sababu ndiye pekee ambaye mwandishi kaingia kichwani mwake.

Na angalau basi angetafiti. Kuna mahali binti anakumbuka kwao, eti mwezi wa nne yuko na mama yake shambani wanachuma korosho mtini. Jamani! Korosho kwetu ni kuanzia mwezi wa tisa, wa kumi, mpaka kwenye Januari hivi. Na korosho hatuchumi, tunaokota. Unasubiri bibo, lile tunda lenye korosho, lidondoke lenyewe, unainama, unanyonyoa korosho, unatia kwenye ndoo, unasogea hatua moja, unainama tena. Mgongo wa mwanamke wa Tandahimba au Masasi unaujua mwendo huo kuliko unavyoijua njia ya kisimani. Mwandishi ambaye hajui kwamba tunainama atajuaje tukiinama tunafikiria nini?

Lafudhi nayo. Kila binti huyo akifungua mdomo kaandikiwa maneno yaliyopindishwa ili msomaji wa Dar acheke. Wengine wote kwenye kitabu wanaongea Kiswahili kilichonyooka, hadi mlinzi. Mmakonde peke yake ndiye anayechekesha hata akiwa analia.

Kuhusu ukoo ndiyo kabisa. Baba yake anaamua peke yake, asubuhi moja, binti aende Dar. Sisi huku, Wamakonde, Wamakua, Wayao, Wamwera, asili yetu mtoto ni wa ukoo wa mama na mjomba ndiye mwenye neno. Najua mambo yamebadilika na kila nyumba ina yake, lakini kwenye ukoo wangu mimi binti haondoki mjomba hajaulizwa. Kwenye kitabu kizima mjomba hayupo. Hata mmoja! Hapo mwandishi alikuwa na ugomvi mzuri kabisa mkononi, baba anataka, mjomba hataki, mama kakaa katikati kati ya mumewe na kaka yake na hasemi kitu mpaka usiku. Kaupita kama hakuuona.

Unyago, bila shaka, kaukumbuka. Sura nzima ya viuno na ngoma, kwa jicho la mwanaume aliyechungulia kwenye ua. Mimi nimechezwa. Nilitoka mwali na jina jipya, na kwetu ukishatoka, kuitwa lile la utotoni ni kuvunjiwa heshima. Bibi yangu, mama yake mama, aliendelea kuniita la zamani tukiwa wawili jikoni. Kila alipoliita alishusha sauti na kutazama mlangoni. Mimi niliitika kwa sauti hiyo hiyo ya chini. Alifariki, na tangu siku hiyo lile jina halijatamkwa na mtu. Kitu kama hicho ndicho nakitafuta kwenye vitabu, wakuu. Mnaniletea viuno.

Najua atatokea mtu aseme hayo ndiyo maisha, mahausigeli wanabakwa kweli. Ndiyo, wanabakwa, na yaandikwe. Wengine ni ndugu zangu. Hasira yangu ni kwamba mnaandika kubakwa bila kuandika aliyebakwa. Euphrase Kezilahabi alimwandika Rosa kwenye riwaya yake Rosa Mistika mwaka 1971, na Rosa naye anaishia kubaya, anajiua. Lakini kabla hajafika huko umekaa naye. Umemjua Zakaria baba yake, umeona kipigo alichopigwa kwa ajili ya barua ya mvulana, umeiona hofu inavyomjengea ukimya mbele ya wanaume na baadaye inavyogeuka. Kitabu kiliwahi kupigwa marufuku shuleni na bado watu walikisoma. Waliokuja baada yake wamechukua mifupa tu: msichana wa kijijini, mji, kuanguka, kaburi. Zaidi ya miaka hamsini sasa tunazikwa kwa ramani ile ile.

Na wasomaji nao mna lenu, msijifiche. Nimo kwenye kundi moja la wasomaji la WhatsApp. Nilipolalamika, kaka mmoja akanijibu kwamba riwaya za wanawake wakikaa wanawaza hazina kisa, ni umbea uliotiwa jalada. Akauliza, "Sasa tukio liko wapi hapo dada?" Wanaume kumi na moja wakamwekea dole gumba.

Nitakuonyesha tukio liko wapi. Nimebadilisha mawili matatu ili mwenyewe asijulikane.

Mnakumbuka msimu wa 2018. Wakulima waligomea bei za mnadani, Novemba serikali ikasema itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likaja kusomba. Halafu ukaja uhakiki wa wakulima, na malipo kwa wengi yakachelewa. Mama yangu mdogo ana shamba alilorithi kwa mama yake. Shamba ni lake, lakini mwanachama wa chama cha msingi, ule ushirika unaopokea korosho, ni mumewe, mzigo ukaandikwa kwa jina la mume, hela ilikuwa iingie akaunti ya mume. Januari mtoto kapangiwa kidato cha kwanza. Akaja kwangu na mtoto kupima sare.

Nikampima mtoto mabega, nikampima kiuno. Mama mdogo kakaa kwenye benchi, kashika pembe ya kanga iliyofungwa fundo. Akalifungua. Ndani noti zimekunjwa ndogo kabisa. Akazihesabu, akazikunja tena, akafunga fundo, hakunipa. Nikaandika vipimo. Akafungua tena. Mtoto alipotoka nje kununua ming'oko, akaniuliza huku anaangalia pedeli ya cherehani, "Mwanangu, mtu akiuza kitu chake mwenyewe usiku, huo ni wizi?"

Nikaelewa. Alikuwa amewauzia kangomba, wale wanunuzi wa mlangoni wa kipimo kisichotambulika. Na msimu ule kangomba walikuwa wanasakwa, mtu akisikia neno hilo anageuka nyuma. Aliuza kilo chache za shamba lake mwenyewe, kwa bei ya kutupa, mume kalala. Nikamwambia si wizi mama. Akasema, "Basi mbona nilivua kandambili?"

Alitembea peku kwenye ua wake mwenyewe ili asisikike.

Kaka yangu wa kwenye kundi, hilo ndilo tukio. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyefumaniwa, mume mpaka leo hajui. Wanakula sahani moja. Nipe mwandishi atakayekaa na mama huyu kurasa 200, aniambie kesho yake asubuhi alimtengea mumewe chai kwa mkono gani, alimtazama au hakumtazama, na akisikia gari la wanajeshi linapita barabarani alishika nini. Nitakesha nacho.

Na haya si mageni, yameshaandikwa. Mariama Bâ wa Senegali, mwaka 1979, kaandika riwaya ambayo mwanamke amefiwa na mume, amekaa eda, anamwandikia shoga yake barua. Ndiyo hiyo riwaya nzima. Ipo kwa Kiswahili, Barua Ndefu Kama Hii. Mume alishamwolea mke mwenza, binti wa rika la mwanawe, rafiki ya mwanawe. Mjane yuko ndani ya nyumba, hatoki, anakumbuka. Niliisoma nikiwa na mteja mjane hapa mtaani ambaye alikuwa na miezi minne na siku kumi zake za kukaa ndani, nikawa naenda kumsomea jioni. Hajui Senegali iko wapi. Kuna sehemu alinyoosha mkono akafunika ukurasa, akasema ngoja kwanza. Tukakaa kimya mpaka adhana ya Isha. Kitabu ambacho hakina kisa hakimfungi mtu mdomo namna hiyo.

Kwa Kiswahili chetu wenyewe, Shafi Adam Shafi katuonyesha Yasmini katika Vuta N'kuvute, kaozwa kwa mwenye duka mwenye umri wa baba yake, amefungiwa ghorofani, anachungulia dirishani. Yasmini anakosea, anapenda, anafukuzwa na ndugu zake, na haishii kaburini. Mwandishi ni mwanaume, kwa hiyo msinijie na hoja kwamba wanaume hawawezi. Wanaweza wakitaka kutuangalia.

Wachapishaji nanyi najua mtasema soko ni shule. Sawa. Lakini mlichapa hicho cha elfu ishirini na tano na hakikuwa cha shule, kwa hiyo karatasi mnayo.

NYONGEZA: Nimerudi kibandani nimekuta majibu. Wawili watatu mmeniambia kama najua sana niandike mwenyewe. Mteja akiniletea kitenge chake nikamharibia gauni, simwambii akashone mwenyewe. Narudisha hela au nafumua nashona upya. Mimi nimelipa.

Na aliyesema naendekeza ukabila kwa kudai mwanamke wa Kusini: dada, soma tena. Sijadai awe mwema. Mpeni wivu, mpeni uchoyo, awe kungwi mkali anayewachukia mabinti anaowafunda kwa sababu yeye hakuzaa, awe mbangua korosho ambaye mafuta ya ganda yamembabua vidole na bado anavaa pete kwa sababu anajua mwenyewe kwa nini. Mpeni hata ukatili. Ila mumpe jina ukurasa wa kwanza.

Mwenye riwaya ya namna hiyo, ya miaka ya karibuni, ya mwanamke wa Lindi, Kilwa, Mikindani, Nachingwea, popote huku, aiweke hapa chini jina na inapouzwa. Iwe imechapwa na kampuni au umechapa mwenyewe kwa hela yako, nanunua. Mabasi ya Mtwara yanatoka Dar kila siku, kifurushi nalipia mimi. Nikimaliza kusoma nitarudi kwenye uzi huu huu kusema nimekionaje, na nitamsomea na mama mdogo.